Sikio la Kigari Namba Nne

Kitu cha kwanza alichokiona Tusekile asubuhi ile kilikuwa mstari mweupe. Ulikuwa mwembamba kama uzi wa kushonea, umepita kwenye ukingo wa boksi la betri, pale mto wa kiti unapokutana na bodi. Aliugusa kwa kidole gumba ukavunjika, ukawa unga. Hakuhitaji kuuonja. Aliupangusa kwa upindo wa kanga, akatazama kushoto na kulia, kisha akapangusa tena mahali palepale ingawa palikuwa pameshatakata.

Ndipo akainua macho na kuiona taa ya chaja ukutani. Haikuwa kijani, wala haikuwa nyekundu. Ilikuwa imezima.

Alipanda, akawasha swichi, akakanyaga pedeli. Siku zote ukikanyaga, kuna kidude chini ya kiti kinacholia *ta!*, halafu kigari kinaanza kujivuta taratibu. Leo hakikulia. Alikanyaga mara ya pili, na mara ya tatu kwa miguu yote miwili, kama mtu anayeua mende. Kimya. Nje, ukungu wa Rungwe ulikuwa bado umelala juu ya mteremko, na kule kileleni taa za Nyumba ya Damu zilikuwa zinawaka. Wagonjwa wa zamu ya asubuhi walikuwa wameshaanza kupandishwa kwenda kusafishwa damu zao.

Zamani mteremko ule ulikuwa uwanja wa watu wa kupiga mipira midogo kwa fimbo. Watu walikwenda, mipira ikapotelea kwenye nyasi, vikabaki vigari vyao vinane. Kwa kuwa hakuna gari jingine lililoweza kuupanda mlima ule bila mafuta, na mafuta yalishakuwa habari ya kusimuliwa, vigari vile ndivyo vilivyokuwa miguu ya mlima mzima.

"Dada Tuse, umeamkaje?" Ambakisye aliingia akipangusa matope kwenye viatu. Namba nne walikuwa wanaigawana, yeye asubuhi na Tusekile mchana. "Zamu yako mchana, mbona umeshakikalia kama kuku? Shuka, Bibi Ngabagila ananisubiri pale chini na blanketi lake."

"Hakiendi," alisema Tusekile.

"Eh?"

"Hakiendi, kaka."

Alikuwa anasema kwa sauti ndogo sana, kiasi kwamba watu walizoea kumwuliza mara mbili. Ambakisye alikanyaga pedeli mwenyewe, akasikiliza, akacheka. "Kimenuna. Lusajo! Chukua namba sita, mpandishe bibi wa watu. Na mwiteni Fundi, huyu amegoma kula."

*

Fundi Mwakalobo alikuja na mita yake shingoni na kikombe cha chai mkononi. Hakuanza na spana. Alizunguka kigari mara moja, kama mtu anayenunua ng'ombe, kisha akauinua mto wa kiti.

Tusekile alijibanza karibu na mlango.

"Kwanza tuanze na ujinga," alisema Fundi. "Iko wapi swichi ya kukokota? Hii hapa. Ukiielekeza huku, kigari kinakuwa maiti ili kiweze kuvutwa kwa kamba. Mara saba kati ya kumi naitwa kwa mbio, nakuta mtu ameigusa kwa bahati mbaya wakati wa kufagia." Akaitazama. "Aa, iko sawa. Basi si ujinga. Fyuzi?" Akaichomoa, akaielekeza kwenye mwanga. "Nzima. Soketi ya chaji?" Akachungulia kwenye tundu upande wa bodi, akaguna.

"Nini, Fundi?" aliuliza Ambakisye.

"Subiri."

Alichomeka mita kwenye betri ya kwanza na ya mwisho. Zilikuwa betri sita zimepangwa mistari miwili, na zikishiba zote pamoja husoma arobaini na nane na ushei. Mita ilisoma kumi na tisa.

"Ndiyo maana chaja imenyamaza," alisema Fundi. "Hii chaja ina akili zake. Kabla ya kutoa umeme inagusa kwanza, inauliza: kuna mtu humo? Ikikuta betri zimeshuka hivi, inadhani haijachomekwa kwenye kitu. Inajilalia. Mnaweza kuichomeka mpaka mwezi ujao. Sasa swali langu ni moja. Jana jioni zilikuwa nzima, nani amezinyonya?"

Akafanya kitu ambacho madereva hawakuwahi kukiona. Alichukua ncha mbili za mita akaziweka juu ya plastiki tupu, mbali na vyuma vya betri. Plastiki haipitishi umeme. Lakini namba zilitokea kwenye kioo cha mita, zikasimama.

"Mmeona? Umeme unatembea juu ya ngozi. Kuna kitu kimemwagika hapa kikakauka, usiku kucha umeme umekuwa ukipita juu yake, umevuja mpaka umekwisha. Na waya wa soketi umeliwa, tazameni ulivyogeuka kijani." Alikwangua ukingo wa bodi, kwenye bawaba ya mto, mbali kabisa na tindikali ya betri. Alipata unga mweupe kwenye ncha ya kisu. Akauonja, akatema kwenye kikombe chake cha chai.

"Chumvi," alisema.

Madereva waliokuwa mlangoni wote walimgeukia Ambakisye, kwa pamoja, kama waliovutwa kwa kamba.

*

Wiki mbili nyuma Ambakisye alikuwa amekamatwa na ndoo ya samaki wa chumvi chini ya kiti. Alikuwa ameletewa kutoka ziwani, akaona ni ujinga kuwapandisha kichwani wakati kigari kipo. Mama Lugano, msimamizi wa vigari, alimwonya mbele ya wote. Sasa Mama Lugano alikuja na kioo chake cha mkononi, akakigusisha kwenye Sikio.

Sikio lilikuwa kidude cha duara, ukubwa wa kifuniko cha chupa, kimebandikwa chini ya usukani. Kila mwisho wa zamu, kabla ya kuchomeka chaja, dereva aliinama akaliambia habari za siku. Kimegonga? Kuna kilichomwagika? Umebeba kisichoruhusiwa? Lenyewe halikusikiliza maneno tu, lilisikiliza na mtetemo wa koo. Koo likitulia, sindano ya kipimo chake ilikaa kwenye kijani na umeme ukaja. Koo likiruka, sindano ilikwenda njano. Ikifika nyekundu, umeme haukuja mpaka mtu aseme kweli. Sheria hiyo iliwekwa baada ya nyumba ya kwanza ya betri kuungua na watu tisa ndani yake, kwa sababu mtu mmoja aliona haya kusema kwamba betri yake imepasuka.

"Tusikilize ya jana asubuhi," alisema Mama Lugano.

Sauti ya Ambakisye ikatoka kiooni, yenye uchangamfu kupita kiasi. *Hakuna kilichomwagika. Sijabeba kisichoruhusiwa.* Sindano ilipanda, ikatetemeka kwenye ncha ya njano.

"Ambakisye?"

"Mama, nitasema." Alijikuna kichwa. "Walikuwa samaki wawili. Wawili tu! Kwenye mfuko, na mfuko ndani ya mfuko. Hawakudondosha hata tone. Haki ya Mungu."

"Na wiki mbili zilizopita ulisema hivyohivyo."

"Wiki mbili zilizopita ilikuwa ndoo!"

Watu walicheka, lakini si kwa muda mrefu. Mama Lugano alisogeza kidole kwenye kioo. "Ya mchana. Tusekile."

Tusekile alihisi masikio yake yanawaka. Sauti yake ilitoka nyembamba, inakwama. *Kigari namba nne. Ha... hakijagonga. Hakuna kilichomwagika.* Sindano ilirukaruka kutoka mwanzo hadi mwisho kama panzi kwenye chupa, na chini yake kijani kilikuwa kimetandazwa upana wa kioo kizima.

"Huyu tumwache," alisema Fundi Mwakalobo. "Huyu hata ukimwuliza jina la mama yake, sindano inacheza ngoma. Mwaka wa kwanza alikuwa analala hapa na kigari bila chaji kwa sababu ya haya zake. Nikamwonea huruma nikamlegezea kipimo. Mtoto mwenyewe hajui hata kudanganya."

Walimtazama kwa upole. Upole ule ulimchoma kuliko kama wangemtukana.

"Basi," alisema Mama Lugano. Alikuwa mwanamke wa haki, na hakuipenda kazi iliyokuwa mbele yake. "Sheria mnaijua. Mara ya kwanza onyo, mara ya pili ukiharibu betri, kufutwa. Betri sita zimekufa, na zingeweza kushika moto tukiwa tumelala. Ambakisye, utasema jina lako mara tatu hapa, na mlima utakusahau."

Utani ulimtoka Ambakisye usoni kama maji yanavyotoka kwenye ndoo iliyotoboka.

"Mama," alisema. "Na Subilaga?"

Wote walijua maana ya kufutwa. Walikuwa wakimwona Mzee Kajange, aliyefutwa mwaka juzi, akisimama mbele ya bomba na ndoo yake, akisubiri apite mtu wa kumsemea "maji". Walimwona akikaa kizingitini mpaka mkewe arudi shambani auambie mlango ufunguke. Bomba, mlango, kinu, taa, vyote mlimani vilisikiliza sauti, na sauti yake vilikuwa haviijui tena. Mzee Kajange alikuwa na mke wa kumsemea. Subilaga, mke wa Ambakisye, aliugua homa ya uti wa mgongo akiwa mtoto, na tangu hapo hakusema. Sauti ya nyumba ile ilikuwa moja tu.

*

Ilikuwa hivi.

Jana mchana, baada ya kumshusha mgonjwa wa mwisho, Tusekile alisimama kunyoosha mgongo, akageuka, akaona alichokiacha kwenye kiti. Mto ulikuwa wa rangi ya maziwa. Siku zake zilikuwa zimemwahi kwa siku tano nzima.

Mtu mwingine angesema lo, angefuta, angekwenda zake. Lakini Tusekile aliwahi kusimama hivyohivyo mbele ya darasa la tano, ameitwa ubaoni, na nyuma yake kicheko kikaanza kwenye dawati moja kikaenea mpaka la mwisho. Mwalimu naye aligeuza uso ukutani, mabega yakimtikisika. Alitoka siku ile kwa mlango wa nyuma na hakurudi tena. Nyumbani alisema amechoka na shule. Waliamini, kwa kuwa hakuwa msemaji.

Kwa hiyo jana alijifunga kanga, akakiendesha kigari mpaka nyuma ya banda la kukaushia majani ya chai. Bibi yake alimfundisha kwamba damu haitoki kwa maji ya moto, inatoka kwa maji ya baridi na chumvi. Aliomba chumvi jikoni kwa wapishi, akasema ni ya mboga. Akakoroga vitanga vitatu kwenye nusu ndoo. Angeuinua mto, angeupeleka kando, kazi ingekwisha salama. Lakini mtu aliyebeba mto wa kigari ataulizwa anaupeleka wapi. Akasugua palepale, akamwaga palepale, maji yakapita kwenye bawaba yakaenda yanakojua yenyewe. Alama ilitoka. Alifurahi. Jioni aliinama mbele ya Sikio, akaulizwa kuna kilichomwagika, na koo lake likaruka kama linavyoruka kila siku.

*

"Sema jina lako," alisema Mama Lugano.

"Si yeye," alisema Tusekile.

Hakuna aliyesikia, isipokuwa Ambakisye aliyekuwa karibu. Alimgeukia, akatikisa kichwa polepole.

"Si yeye!"

Sasa walisikia. Mlangoni Lusajo, aliyekuwa amesharudi kutoka kileleni na namba sita, alipiga mluzi. "Lo! Kumbe humu karakana kuna mapenzi na hatuambiwi!"

"Funga mdomo, Lusajo," alisema Fundi. "Tusekile, mwanangu, unasema nini?"

"Chumvi niliimwaga mimi."

Mama Lugano alitazama kioo chake. Sindano ilikuwa inarukaruka juu ya kijani kipana, ikisema ndiyo kwa kila kitu. Aliguna. "Hii hainisaidii. Kwa kipimo hiki ungeweza kuniambia wewe ndiye uliyeumba mlima, na Sikio likakubali. Mimi naona unamwonea huruma mwenzako. Ni vizuri, lakini siwezi kumwachia kwa huruma yako."

"Mrudishieni kipimo cha watu wote," alisema Lusajo. "Tuone."

"Hapana," alisema Fundi upesi. "Kwa kipimo cha wote huyu ataonekana mwongo hata akisema leo ni Ijumaa. Na ukikutwa mwongo ukijitwika kosa la mtu, unafutwa na wewe. Tusekile, unanielewa? Wote wawili mtafutwa. Nenda kanywe chai."

Alikuwa amepewa mlango. Ulikuwa wazi, na nje yake kulikuwa na chai, na kesho, na watu wanaomtazama kwa upole. Ambakisye naye alisema, "Nenda, dada. Usijiangamize. Samaki ni wangu, nilale nao."

Tusekile alikuwa akitazama mikono yake. Ilikuwa inatetemeka kama siku zote, na aliona kwamba haitatulia leo, wala kesho, wala hata akingojea mwaka. Kama ni kusema, atasema hivyohivyo inavyotetemeka.

"Rudisha, Fundi," alisema. "Rudisha kipimo."

Fundi akachukua kioo kutoka kwa Mama Lugano. Kijani kikajikunja, kikabaki kipande kidogo pembeni kama jani la chai. Tusekile alipumua tu, na sindano ikaenda njano.

"Chumvi niliimwaga mimi," alirudia. Nyekundu.

"Sikio limekukana," alisema Mama Lugano kwa huzuni.

"Kwa nini umwage chumvi kwenye kiti?" aliuliza Fundi. "Nipe sababu moja, mama. Mtu hawezi kuchukua chumvi akaenda kukinyunyizia kiti kama anakipika."

Sababu ilikuwa imemkaa kooni, nzima, kubwa kuliko koo. Alishindwa. Akafanya alichoweza. Alikwenda kwenye mto wa kiti uliokuwa umelazwa sakafuni, akaugeuza, akafungua zipu ya chini ambayo hakuna aliyewahi kuifungua, akalivuta sponji nje. Juu ya sponji lile la rangi ya njano kulikuwa na duara la hudhurungi, upana wa kiganja, na pembeni yake chumvi imeganda kama pindo.

Lusajo aliinamisha macho kwenye viatu vyake. Fundi Mwakalobo alikuwa na mabinti watatu. Alielewa, akakohoa, akaanza kukusanya spana zake moja moja. Mama Lugano alilichukua sponji akalirudisha ndani ya mto, akafunga zipu, kwa haraka ya mtu anayemfunika mwingine nguo.

"Inatosha," alisema kwa sauti ya chini. "Tumeona. Huna haja ya kusema. Nitaandika uchafu, na Ambakisye ataadhibiwa kwa samaki wake wawili tu, ataosha vigari mwezi mzima. Nenda kapumzike, mwanangu."

"Na Sikio?"

"Nitaliambia mimi."

"Halitakubali," alisema Tusekile. "Linataka aliyekuwa dereva."

Ni kweli, na Mama Lugano alilijua hilo. Bila neno la dereva, namba nne isingepokea umeme hata ikifungwa betri mpya, na jina la Ambakisye lingebaki kwenye njano, likisubiri msimamizi mwingine asiye na huruma. Tusekile alikizunguka kigari. Alikaa kwenye bodi tupu, pasipo mto, betri zilizokufa zikiwa chini yake, akainama mpaka midomo ikalikaribia kabisa Sikio.

"Mnaweza kutoka," Mama Lugano aliwaambia wengine.

"Wakae," alisema Tusekile.

Wakakaa. Aliwasikia wanavyopumua. Aliisikia sindano ikigonga mwisho wa kioo, *ti, ti, ti*, kabla hajasema lolote.

"Kigari namba nne," alisema. "Jana mchana. Kuna kilichomwagika. Ni maji ya chumvi, nusu ndoo, niliyamwaga mimi Tusekile. Nilikuwa nafuta damu. Damu yangu ya mwezi." Sauti ilikatika. Aliingoja irudi, ikarudi ikiwa mbovu kuliko mwanzo, na sindano ikaendelea kugonga. Mama Lugano alimwekea mkono begani, maana yake basi, umemaliza.

Hakuwa amemaliza. Yale aliyoyasema walikuwa wameshayaona kwenye sponji, na walikuwa wameshamsamehe. Lilikuwepo lile ambalo hakuna sponji la kulionyesha, lililomwamkia alfajiri alipoupangusa ule unga kwa kanga, likakaa naye wakati watu wanacheka, na wakati Ambakisye anauliza habari za mkewe. Tusekile alinyanyua uso kutoka kwenye Sikio, akamtazama Ambakisye mwenyewe, na kwa mara ya kwanza hakulazimika kurudia.

"Kaka," alisema, "asubuhi yote nilikuwa nimekubali wakufute wewe."